Kilo Mbili za Jumatatu Asubuhi

Ndugu zangu, hamjambo? Wale wa nyuma mnanisikia? Haya. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha sukari na presha ameniomba niseme kwa ufupi, lakini wale ambao hunipangia foleni na magunia yao wanajua kuwa ufupi si kipaji changu. Mnivumilie. Nitajitahidi kumaliza kabla uji haujapoa.

Mimi ni karani wa kituo cha kununulia majani ya chai huku juu ya Manyatta. Kazi yangu ni kupima. Mkulima analeta majani, ninayakagua, ninatundika gunia kwenye mizani, ninasoma, ninaandika. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na minne. Leo nitawaeleza jinsi mtu anayelipwa kusoma mizani alivyoshindwa kuisoma. Chekeni tu. Mimi mwenyewe siku hizi hucheka.

Mwaka jana nilikuwa na kilo mia moja na nane, na hazikunisumbua hata kidogo. Kwetu mwanamume mwenye tumbo hupewa kiti cha mbele. Siku moja nilimsindikiza mama watoto kliniki kwa sababu ya presha yake. Muuguzi aliniona nimejaza benchi, akaniambia, "Na wewe, baba, kwani umekuja kusindikiza tu? Lete kidole." Nikatoa kidole nikidhani ni mzaha.

Sukari yangu ilikuwa imefika mpakani. Muuguzi hakusema kwamba nimeshakuwa mgonjwa. Alisema nimesimama mlangoni. Nikipunguza uzito polepole na kubadilisha chakula, huenda nikarudi nje. Nikiendelea kukaa nilivyokaa, nitaingia, na huko ndani kuna dawa za kila siku na mambo mengine ambayo ninyi mnayajua.

Nami niliyajua. Baba yangu aliingia huko, wakamkata mguu chini ya goti. Kwa miaka mitatu mimi na ndugu yangu tulimbeba asubuhi na jioni kumpeleka choo, na kila tulipomwinua alituambia, "Poleni, wanangu." Mimi nina mabinti wawili. Pale kwenye benchi niliwaona wakiniinua, mmoja huku na mwingine kule, nami nikisema poleni. Nikamwambia muuguzi, "Niambie la kufanya."

Alinieleza vizuri. Ugali upungue, mboga ziongezeke. Vijiko vinne vya sukari kwenye chai viwe kimoja, halafu visiwepo. Nitembee. Nikaanza. Nilikuwa nikipanda boda kutoka nyumbani hadi kituoni, kilima chote kile. Nikaanza kukipanda kwa miguu yangu. Siku ya kwanza nilipumzika mara sita. Kuna mama alinipita amebeba kikapu cha majani mgongoni, akaniuliza kama ningependa anibebe na mimi.

Sasa, nyumbani hatuna mizani, na kliniki ni mara moja kwa mwezi. Lakini kazini ninayo. Ile mizani ya kituo inaning'inia kwenye boriti, na inabeba hata kilo mia moja na hamsini. Nilitafuta kipande cha ubao, nikakifunga kamba pande zote mbili kama pembea, nikaitundika kamba kwenye ndoano. Kila asubuhi, kabla ya wakulima kufika, karani wenu alikuwa akikalia ubao ule, anainua miguu, anageuza shingo kusoma namba. Tafadhali msimwambie mkubwa wangu.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa tamu. Mia moja na nane ikawa mia moja na saba, ikawa mia moja na tano, ikawa mia moja na nne na nusu. Nilijiona shujaa. Nilianza hata kuwahubiria wakulima kwenye foleni kuhusu viazi vitamu na nduma. Nawaambia ukweli, mtu aliyepunguza kilo tatu ni msumbufu kuliko mtu aliyeokoka jana.

Halafu asubuhi moja nikasoma mia moja na tano na robo. Nikashuka, nikapanda tena. Ile ile. Nikavua gambuti, hivi viatu vyangu vya mvua. Nikavua mshipi. Nikatoa simu mfukoni, kana kwamba simu ndiyo ilikuwa imekula ugali. Usiku uliopita nilikuwa nimekula githeri, mahindi na maharagwe, pamoja na mboga, bakuli moja. Nilikuwa sijakosea chochote, na mizani ilikuwa inaniambia nimekosea.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanza kuanguka, na sikuanguka kwa sababu ya chakula. Nilianguka moyoni. Kuanzia siku ile nilijipima mara tatu kwa siku. Namba ikishuka, nilikuwa mtu mzuri. Niliwasalimia watu wote na kuuliza habari za ng'ombe. Namba ikipanda, nilikuwa mwiba. Wakulima si wajinga, walinisoma mapema. Nilikuwa nikiwasikia wakinong'onezana kwenye foleni:

"Leo imepanda au imeshuka?"

"Imepanda. Si unaona hata majani mazuri ya jirani ameyarudisha?"

"Basi mimi narudi nyumbani kuchagua tena. Leo hapitishi kitu."

Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Jioni moja nilimgombeza mama watoto mbele ya watoto kwa sababu ya kijiko cha mafuta kwenye kabichi. Kijiko kimoja. Aliniangalia tu, akasema, "Baba watoto, kilo zinatoka, lakini hata wewe unatoka nazo." Halafu akaondoa sahani yake, akaenda kula jikoni. Nilimwomba msamaha baadaye, na leo namwomba tena mbele yenu.

Nikafanya mabaya zaidi, na hili nalisema ili mtu mwingine asilifanye. Nilipogundua kwamba nisipokunywa maji namba inashuka, niliacha kunywa maji. Nilikuwa nashinda na jua lote lile, midomo imekauka, kichwa kinagonga, ili kesho asubuhi nione nusu kilo imetoka. Ikitoka, nafurahi. Nikinywa maji, inarudi, nalia. Sikujiuliza hata mara moja ni mafuta gani haya yanayotoka kwa kiu na kurudi kwa kikombe.

Tarehe ya kliniki ilipofika, namba yangu ilikuwa imepanda kidogo wiki ile. Niliona haya. Nilimwambia mama watoto aende peke yake, nikasema kazi ni nyingi. Alirudi na ujumbe wa muuguzi: niende mwezi unaofuata bila kukosa, kwa sababu sukari iliyo mpakani huvuka kimya kimya, haipigi hodi. Kama ikivuka mimi nikijificha, hakuna atakayejua mpaka tuwe tumechelewa.

Nilijiandaa kwa tarehe hiyo kama mtoto anayejiandaa kwa mtihani. Ilikuwa Jumatatu. Wiki nzima nilikula kwa adabu. Ijumaa namba ilikuwa mia moja na tatu na nusu. Sasa, Jumamosi tukapeleka mahari kwa wakwe wa ndugu yangu. Ninyi mnajua mambo ya mahari. Huwezi kwenda kwa wakwe ukakataa nyama. Ukiisukuma sahani, wazee watauliza kama mbuzi wao ana kasoro, na hapo umeharibu shughuli ya mwenzako. Nilikula nyama ya kuchoma niliyopewa. Nilikula mukimo wa viazi na mahindi. Nikanywa supu ya kichwa, vikombe viwili, yenye chumvi kama machozi. Lakini sikula kama zamani, naapa. Niliacha mengi.

Jumatatu asubuhi mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Nilifungua kituo, nikatundika pembea yangu, nikakaa. Mia moja na tano nukta sita.

Kilo mbili na zaidi. Mwezi mzima wa kupanda kilima, na supu ya mchana mmoja imeurudisha. Nilibaki nimekaa pale juu, miguu imening'inia, nikasema kwa sauti, "Basi. Yaishe." Niliamua mambo matatu papo hapo. Siendi kliniki. Jioni napitia hotelini nile chapati tatu na nyama ya mafuta. Na huu mwili ndio mwili wa ukoo wetu. Aliyepangiwa kukatwa mguu atakatwa. Nilisema hivyo kweli, ndugu zangu. Nilikuwa nimeshaanza kuwaonea huruma mabinti zangu kana kwamba jambo limeshapita.

Nikasikia mtu akikohoa mlangoni.

Ni cucu mmoja, mkulima wetu wa miaka mingi, nyanya wa watu. Mvua ilikuwa imemkatiza kuchuma, akaamua kuleta kidogo alichopata mapema. Alisimama pale na gunia lake linachuruzika, ananitazama nilivyoning'inia.

"Karani," akasema, "nani anauzwa leo, ni mimi au ni wewe?"

Nilijaribu kushuka haraka, kamba ikajizungusha, nikageuka nikampa mgongo. Alicheka mpaka akaegemea meza. Alipomaliza akaja kusoma namba.

"Mia moja na tano. Ngai! Na kwa nini unalia?"

"Silii, cucu. Ni mvua."

"Mvua haijaingia humu ndani."

Nikamwambia yote. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa bado nimekaa kwenye pembea, na mtu aliye kwenye pembea hana heshima ya kulinda. Nilimwambia habari za sukari, za Ijumaa mia moja na tatu na nusu, za supu, na kwamba leo siendi kliniki. Yeye akanisikiliza. Halafu akaliburuta gunia lake, akaliweka karibu na miguu yangu.

"Shuka. Nipimie."

Nikashuka. Nikatundika gunia. "Kumi na moja."

"Andika kumi na moja."

"Cucu, siwezi. Haya yamelowa. Unajua utaratibu. Yatandaze kwanza mezani, maji yachuruzike, ndipo tupime."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hizo kilo nyingine si chai. Ni maji."

"Unaniambia hivyo kila mvua ikinyesha?"

"Kila siku ya mvua."

"Na mimi hukutukana kila siku ya mvua?"

"Kila siku, cucu."

"Na ni nani husema kweli, mimi au wewe?"

Nikalishusha gunia kwenye ndoano. Yeye akaanza kutandaza majani yake mezani, polepole, anayakung'uta kwa vidole. Akasema bila kuniangalia, "Jumamosi umekunywa supu ya chumvi, umelala, leo umejitundika na maji yako yote, halafu unalia kwamba umenenepa. Mimi ningekupima hivyo ungeniita mwizi. Na kitu kingine, karani. Miaka yote hiyo sijawahi kuitupa chai yangu shimoni kwa sababu imelowa. Huwa naitandaza, nangoja."

Nilikaa kwenye kiti changu. Yeye akaendelea, maana akianza haachi. "Juzijuzi nilileta kilo saba. Wiki iliyopita siku moja nilileta ishirini. Uliniambia shamba langu limekufa?"

"Hapana. Siku hazifanani. Tunaangalia mwezi."

"Ehe," akasema. "Sasa niandikie chai yangu, uende kliniki."

Nilipopima tena, majani yalikuwa kilo tisa na nusu. Aliangalia namba, akanitukana kidogo kwa ajili ya desturi, akaenda zake.

Lori lilipochukua majani mchana, nilishuka mjini na gambuti zangu. Nilimkuta muuguzi yule yule. Sikumwambia habari za pembea, nilimuuliza tu inakuwaje mtu apande kilo mbili kwa siku tatu. Akacheka. "Baba, ili upate kilo mbili za mafuta kwa karamu moja, ungekula yule mbuzi na mwenye mbuzi." Kisha akanieleza, nami nawaeleza ninyi kama nilivyoelewa.

Uzito wa mtu hautulii. Hupanda na kushuka kilo moja, hata mbili, ndani ya siku chache, na wengine zaidi, bila mafuta ya mwili kubadilika. Chumvi hushika maji. Ugali na wali navyo hushika maji. Chakula ambacho hakijatoka tumboni kina uzito wake. Ukifanya kazi ngumu usiyoizoea, misuli inayouma hushika maji pia, kwa hivyo unaweza kulima kutwa nzima na kesho ukaonekana umepanda. Akina mama, aliniambia kwamba ninyi mna siku zenu za mwezi ambazo hupandisha namba, halafu inashuka yenyewe. Jioni ni mzito kuliko asubuhi. Mafuta hutoka polepole chini ya hayo yote, kama ardhi inavyokauka chini ya majani. Huwezi kuiona kwa kuangalia kila saa. Lakini alinionya pia: mtu akivimba miguu, akipumua kwa shida, au uzito ukipanda kwa ghafla bila kutulia, asijitibu kwa maneno ya karani. Aende akaonwe.

Kisha akanipima sukari. Nilifumba macho. Ilikuwa imeshuka. Haikuwa imeshuka sana, bado nilikuwa karibu na mlango, lakini kwa nje. Fikirini, ndugu zangu. Asubuhi ile mwili wangu ulikuwa unapona, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya mizani nikiuandikia barua ya kifo.

Kutoka siku hiyo nilibadilisha mambo machache. Ubao ule niliufanya kuni. Najipima mara moja kwa wiki, Jumatano asubuhi, kabla ya kula, na siku hizi ni kwenye mizani ya kusimama ya zahanati iliyo njiani. Naandika namba kwenye daftari, nafunga daftari. Mwisho wa mwezi ndipo naangalia mstari wote. Maji nakunywa.

Lakini sitawadanganya kwamba moyo ulipona siku moja. Ukweli ni kwamba namba ikipanda, bado kitu hunishika hapa kifuani. Tofauti ni kwamba sasa nakijua. Namwambia mama watoto, "Leo imepanda, na nimeudhika." Nikishasema, udhia unapungua; nikiuficha ndio humwendea mtu mwingine kwenye foleni. Halafu nakula chakula changu cha kawaida. Siruki mlo ili kujiadhibu, wala siendi hotelini kujifariji. Na najiuliza mambo ambayo mizani haiyajui. Kile kilima nakipanda sasa bila kupumzika hata mara moja. Mshipi nimeutoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Usingizi wangu umetulia, na mama watoto anasema sikoromi tena kama mashine ya kusaga unga.

Leo ni mwezi wa tisa tangu Jumatatu ile. Nina kilo tisini na saba. Kliniki ya mwisho sukari ilikuwa ya mtu wa kawaida, na muuguzi akaandika kwenye kadi yangu kwamba kwa sasa sihitaji dawa. Amesema kwa sasa, nami nimelisikia neno hilo. Ikifika siku nikazihitaji, nitazimeza bila aibu, kama wengi wenu mnavyozimeza na mnaishi vizuri.

Nawashukuru walionishika. Mama watoto, aliyevumilia mwiba ndani ya nyumba na hakuacha kunipikia mboga. Muuguzi, ambaye hakuniuliza nilikuwa nimepotelea wapi ule mwezi, alisema tu, "Lete kidole." Na yule cucu. Sitamtaja, amenikataza. Amesema nikimtaja ataanza kuleta majani pamoja na mawe.

Ninalo jambo moja la kumalizia. Leo mlipoingia mlipimwa pale mlangoni, kama kila mwezi. Nilikuwa nimekaa karibu na mizani, nikaona mmoja wetu ameshuka akiwa ameinamisha kichwa. Hakuja kukaa nasi. Alisimama karibu na mlango na mfuko wake mkononi, na bado yuko pale, anangoja nimalize ili aondoke bila kuonekana. Msigeuke kumtafuta, tafadhali.

Nasema na wewe. Hata mimi nimepimwa leo, na nimepanda kilo moja na robo tangu mwezi uliopita. Kadi yangu iko hapa, anayetaka aisome. Hiyo namba yako haijasema kwamba umeshindwa, imesema tu ulivyokuwa saa tatu asubuhi ya leo. Pale ndani muuguzi ameanza kupima sukari na presha, na hayo ndiyo yaliyotuleta hapa. Nimemaliza. Naja huko nyuma sasa hivi, tuingie pamoja, wewe mbele, mimi nyuma yako.